Wapangaji wa Ngozini: Unapokaa na Mgonjwa wa Saratani

Safari hii somo letu ni ngozi. Usiruke ukurasa ukidhani tutaongea chunusi na krimu za kujichubua tu. Chunusi zitaguswa kidogo, ila tunakwenda mbali zaidi, mpaka kwenye nyumba ambayo ndani yake kuna mtu anayetibiwa saratani, au kansa kama wengi tunavyoiita. Huenda nyumba hiyo ni ya kwenu.

Kwetu ilikuwa hivyo. Nilipokuwa mwaka wa pili chuoni, mama yangu mdogo alitoka Njombe kuja Dar es Salaam kutibiwa saratani ya titi. Alifikia kwetu, kama wanavyofikia kwa ndugu wagonjwa wengi wa mikoani, maana matibabu haya ni ya miezi na huwezi kulazwa wodini muda wote huo. Bibi akatoa amri: kikombe chake, sahani yake na ndoo yake ya kuogea visiguswe na mtu mwingine. Watoto wasimkaribie. Mimi nilikuwa nasomea mambo ya afya lakini nilinyamaza. Si unajua tena, neno la bibi ni neno la bibi.

Siku ya kumi baada ya dripu ya pili, jioni, mwili wa mama mdogo ukawa wa moto. Tukafanya kile ambacho karibu kila nyumba hufanya. Tukampa panadoli mbili. Mdogo wangu akatumwa duka la dawa, akarudi na dawa mseto ya malaria bila mgonjwa kupimwa chochote. Joto likashuka, mama mdogo akanywa uji, tukaona tumeshinda. Saa nane usiku akaanza kutetemeka mpaka kitanda kinalia, na tulipomsemesha akawa anajibu maneno yasiyoeleweka.

Nitakueleza ilivyokwisha. Kwanza tujifunze, kwa sababu kosa letu halikuhusu kikombe wala sahani.

NGOZI YAKO NI NYUMBA YA KUPANGA

Je, unajua kwamba hata ukitoka kuoga sasa hivi, umejisugua kwa sabuni na dodoki, ngozi yako bado imejaa bakteria? Bakteria ni vijidudu vidogo mno, huwezi kuviona bila hadubini. Sehemu kavu kama mkono wa mbele wana wachache. Sehemu zenye unyevunyevu kama kwapani, kinenani, katikati ya vidole vya miguu na puani wako wengi sana. Eneo la sentimita moja ya mraba tu linaweza kubeba milioni moja au zaidi.

Usishtuke na usikimbilie dettol! Wengi wao ni wapangaji wema. Wanakula mafuta na jasho lako, na kwa kukalia vyumba vyote wanawanyima nafasi vijidudu wabaya. Ngozi nayo ina tindikali kidogo, tena tabaka lake la juu hubanduka na kuota upya kila baada ya mwezi hivi, kwa hiyo wageni wasiotakiwa wanapata shida kuweka makazi.

Unawafahamu baadhi ya wapangaji hawa bila kujua. Ile harufu ya kwapa inayotutesa tukishabalehe, jasho lenyewe halina harufu yoyote ya maana; ni bakteria wa kwapani wanaolivunjavunja. Chunusi nazo zinahusiana na bakteria anayeishi ndani ya vishimo vya mafuta usoni. Na majipu? Hapo tunafika kwa mpangaji wa leo.

Mwaka 1880 daktari mpasuaji wa Aberdeen, Uskoti, aitwaye Alexander Ogston, aliweka usaha wa majipu chini ya hadubini. Akaona vijidudu vya mviringo vimekusanyika pamoja kama kishada cha zabibu. Akavipa jina la stafilokokasi, kutoka neno la Kigiriki la kishada cha zabibu. Ukitaka kuvikumbuka, fikiria zabibu za Dodoma. Mwaka 1884 Mjerumani Rosenbach akaona kwamba aina moja, ikioteshwa maabara, inatoa rangi ya dhahabu. Akaiita aureasi, yaani ya dhahabu kwa Kilatini.

Kwa hiyo tunao ndugu wawili wa kuwajua. Wa kwanza ni stafilokokasi epidermidisi, mpole, anaishi kwenye ngozi ya karibu kila mtu. Wa pili ni huyo wa dhahabu, aureasi, mkorofi zaidi. Karibu watu watatu katika kila kumi wanaye puani, wazima kabisa, hawaumwi kitu. Inawezekana unaye wewe unayesoma hapa. Unapochokonoa pua kisha ukakuna kipele, umemhamisha nyumba.

ASKARI WANAPOPUNGUA

Sasa swali: kama bakteria hawa tunao siku zote, mbona hatuumwi siku zote?

Kwanza kuna ukuta, yaani ngozi nzima isiyo na jeraha. Pili kuna askari. Ndani ya damu zinazunguka chembechembe nyeupe, na miongoni mwake zipo zinazoitwa nyutrofili. Kazi yake ni kukimbilia palipochubuka na kumeza bakteria walioingia. Usaha unaouona kwenye kidonda kwa sehemu kubwa ni mizoga ya askari hawa. Usaha unatia kinyaa, kweli, ila ni dalili kwamba vita vimepiganwa.

Nyutrofili haziishi sana. Zikiingia kwenye damu maisha yake ni masaa, siku moja hivi. Ndiyo maana uboho, ule uteute ulio ndani ya mifupa, unatengeneza mpya kila siku zipatazo bilioni 100. Kiwanda hakipumziki hata Jumapili.

Hapo ndipo tiba ya saratani inapoleta utata. Seli za saratani zinajigawa haraka haraka bila breki. Dawa nyingi za kemo, zile za dripu, zimetengenezwa kushambulia seli zinazojigawa haraka. Bahati mbaya hazichagui vizuri. Nywele zinaota haraka, basi nywele zinanyonyoka. Utando wa mdomo na utumbo unajijenga haraka, basi mgonjwa anapata vidonda mdomoni na kuharisha. Na uboho, kile kiwanda chetu cha bilioni 100, nao unapigwa.

Watu wengi wanaogopa nywele kunyonyoka kwa sababu kunaonekana. Kupungua kwa askari hakuonekani, na ndiko kunakoua. Kwa dawa nyingi nyutrofili hufika chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu, kisha huanza kupanda tena. Ukirudi juu kwenye habari yangu utaona mama mdogo alipata homa siku ya ngapi.

Hospitali hupima damu kabla ya kila dripu ili kujua askari wamebaki wangapi. Kipimo kikishuka chini ya 500 kwa kila maikrolita ya damu, hiyo ni hatari kubwa. (Hapa niseme jambo moja la kwetu: watu wengi wa Afrika kusini mwa Sahara wana nyutrofili chache kidogo tangu kuzaliwa, bila ugonjwa wowote. Ni kitu cha kurithi, na urithi huohuo ndio unaotukinga wengi wetu na malaria ya aina ya vivaksi. Kwa hiyo usitishike ukiona namba yako imewekewa alama ya mshale wa chini. Muulize daktari.)

Kitu kinachowadanganya watu wengi ni hiki. Askari wakiwa wachache, hata dalili za vita zinakosekana. Kidonda kinaweza kuwa na bakteria tele lakini hakitoi usaha, hakivimbi sana. Unakitazama unasema, "aa, kinapona hiki." Dalili pekee inaweza kuwa joto la mwili.

WANAINGILIA WAPI?

Mkononi mwa mgonjwa wa kemo huwekwa kanula, kile kimpira chembamba cha kupitishia dripu. Wengine huwekewa mpira mrefu unaoingia mshipa mkubwa kifuani au mkononi na kukaa wiki nyingi. Bila hivyo dawa haipiti, kwa hiyo hatuvilaumu. Lakini fikiria: tumetoboa ukuta, tukaweka daraja kutoka kwenye ngozi moja kwa moja mpaka kwenye damu.

Hapo hata yule ndugu mpole, epidermidisi, anabadilika. Anapenda sana plastiki. Anajibandika juu ya mpira, anajitengenezea utelezi kama ule unaouona ndani ya ndoo ya maji isiyosuguliwa, kisha anajificha chini yake, dawa zikapita juu kwa juu. Kwa mtu mzima hana habari. Kwa mtu asiye na askari anaweza kuingia kwenye damu.

Ndiyo maana muuguzi husugua ngozi kwa spiriti kabla ya kuchoma, na husubiri ikauke. Kama unamsindikiza mgonjwa, mkumbushe aseme mapema kama sehemu ya kanula inauma, imevimba, imekuwa ngumu au inatoa maji. Usiliguse lile bandeji kwa kutaka kuona. Likilowa au likifunguka, mwambie muuguzi. Na kanula isiende nyumbani isipokuwa hospitali yenyewe imeelekeza.

Njia nyingine za kuingilia ni za kawaida kabisa, na hizi ziko mikononi mwetu sisi wa nyumbani. Wembe wa kunyolea kwapa. Kucha iliyokatwa mpaka kwenye nyama. Kisu cha jikoni. Mwiba wa samaki. Kukuna vipele. Visigino vilivyopasuka kwa sababu kemo hukausha ngozi, na hapa mafuta ya mgando ya bei rahisi yasiyo na manukato yanasaidia kuliko losheni ya gharama inayonukia. Akina mama wengine kucha zao huwa nyeusi kwa dawa, wakataka kuzificha kwa piko. Piko nyeusi ina kemikali inayoweza kuunguza ngozi na kuacha malengelenge; huo ni mlango mwingine.

Na kuna jambo linalosemwa kwa kunong'ona. Mgonjwa akiwa katikati ya kemo, ndugu wanampeleka kwa mganga, anachanjwa chale au anaumikwa ili damu mbaya itoke. Siji hapa kugombana na imani ya mtu. Ninachosema ni kwamba kila chale ni ukuta uliobomolewa katika siku ambazo askari hawapo, na wembe huo hujui ulipotoka. Kama shangazi ameshikilia msimamo, mwombe angalau asubiri mpaka daktari aseme kipimo cha damu kimepanda. Mara nyingi ukiomba kwa adabu, ukasema "tusubiri" badala ya kusema "hapana", wakubwa wanakuelewa.

Nisikudanganye kwamba bakteria wote wa hatari wanatoka ngozini. Wengine hutoka utumboni na mdomoni, kwa sababu nako utando umechubuka. Ndiyo maana mswaki uwe laini, chakula kiive vizuri na maji yawe ya kuchemsha.

MIONZI NAYO

Tiba ya pili ni mionzi. Hapa Tanzania wengi wanaijua kupitia Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, iliyoanzishwa kisheria mwaka 1996 katika majengo ya hospitali iliyojengwa wakati wa Wajerumani. Mionzi haimwagwi mwili mzima kama kemo. Inalengwa sehemu moja, siku tano kwa wiki, kwa wiki kadhaa. Lakini ili ifike kwenye uvimbe lazima ipite kwenye ngozi.

Baada ya wiki mbili au tatu ngozi ya sehemu ile huanza kuungua polepole. Vitabu vingi vinaandika "wekundu." Kwenye ngozi zetu mara nyingi huuoni wekundu huo, unaona weusi umezidi, au rangi ya zambarau, au kijivu, na pakigusika pana joto na panauma. Wahudumu nao wamewahi kupitwa na dalili hii kwa kutafuta wekundu, kwa hiyo mgonjwa asingoje kuulizwa. Kwenye mikunjo, yaani chini ya titi, kwapani, kinenani, ngozi inaweza kubanduka kabisa ikachuruzika maji.

Zamani iliaminika kwamba kuungua huku ni kazi ya mionzi peke yake. Kisha mwaka 2023 watafiti wa Montefiore Einstein, New York, Marekani, wakachapisha jambo la kufikirisha. Waliwapima wagonjwa puani na kwenye ngozi kabla ya mionzi, wakaona walioungua vibaya zaidi walikuwa na yule stafilokokasi wa dhahabu puani mara nyingi kuliko waliopona kirahisi. Basi wakafanya jaribio kwa wagonjwa 77, wengi wao wa saratani ya titi. Wagonjwa 39 walipewa mafuta ya mupirosini ya kupaka puani na sabuni ya maji ya klorheksidini ya kuogea, kwa siku tano kabla ya mionzi, kisha siku tano kila baada ya wiki mbili. Wengine 38 walipata huduma ya kawaida.

Matokeo? Katika wale 38, wagonjwa 9 ngozi ilibanduka na kuchuruzika maji. Katika wale 39 hakuna hata mmoja.

Mimi niliposoma nilishangaa kidogo. Pua na titi wapi na wapi! Lakini ukikumbuka kile tulichosema juu ya kuchokonoa pua kisha kujikuna, unaelewa. Pua ni nyumbani kwake, mikono ni daladala.

Sasa tafadhali, usitoke hapa ukaenda duka la dawa kumnunulia bibi mupirosini. Lile lilikuwa jaribio dogo katika hospitali moja, na dawa ya kuua bakteria ikitumiwa ovyo huzaa bakteria sugu, ambao tunao tayari wa kutosha. Unachoweza kufanya ni kumsindikiza bibi kliniki na kumuuliza daktari wa mionzi: "Tumesikia kuna jambo la bakteria wa puani, je, linamhusu mgonjwa wetu?" Ni haki yenu kuuliza.

Jambo unaloweza kufanya bila kumuuliza mtu ni kuoga. Wagonjwa wengi wa mionzi wamekatazwa na majirani wasiguse maji sehemu ile, wakakaa wiki tano bila kuosha kwapa. Kuosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini kunaruhusiwa na kunasaidia, ila msisugue kwa dodoki. Kausheni kwa kugusagusa na taulo safi. Msifute alama za wino walizochora wataalamu, zile ndizo ramani yao. Nguo iwe ya pamba, isiyobana. Na msipake dawa ya meno, majivu, asali wala kitunguu.

SAA YA JOTO

Hapa naomba usome taratibu. Ukisahau mengine yote, hili libaki nalo.

Mgonjwa wa kemo akifikisha joto la nyuzi 38 au zaidi, hiyo ni dharura, sawa na mtu aliyegongwa na gari. Hakuna kusubiri kesho, wala kusubiri baba arudi kazini. Anaondoka wakati huo, hata kama ni usiku, hata kama anasema "niko sawa tu." Akifika hospitali maneno ya kwanza yawe: "Mgonjwa huyu yuko kwenye kemo, ana homa." Msikae kimya kwenye foleni. Dawa ya bakteria ya kuchoma kwenye mshipa inatakiwa ianze ndani ya saa moja tangu afike, kabla hata majibu ya damu hayajatoka, kwa sababu bila askari bakteria huongezeka kwa masaa, si kwa siku.

Kutetemeka kwa baridi, kuchanganyikiwa, kupumua haraka au kulegea ghafla ni dharura hata kama kipimajoto kinasoma kawaida. Baadhi ya dawa zinazotolewa pamoja na kemo, kama deksamethasoni, huweza kulificha joto.

Na panadoli? Panadoli nayo inaficha. Inashusha joto, haiui bakteria hata mmoja. Ni sawa na kuzima kengele ya moto huku nyumba inaungua. Msimpe kabla ya kupima joto na kuongea na hospitali.

Nanyi mnaouliza, "je, kama ni malaria?" Swali zuri, maana tunaishi kwenye malaria. Inawezekana kabisa ikawa malaria, na hospitali watapima. Lakini kwa mgonjwa wa kemo, hata kipimo cha malaria kikionyesha anayo, bado inabidi aangaliwe kama ana bakteria kwenye damu. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili kwa wakati mmoja. Dawa mseto ya dukani bila kupimwa inamnunulia bakteria masaa tu.

Nunueni kipimajoto. Kiwe cha familia, kikae karibu na mgonjwa. Kipimeni kwapani au mdomoni, msitumie njia ya haja kubwa, kwa sababu huko nako kunachubuka. Mkumbuke cha kwapani husoma chini kidogo kuliko cha mdomoni, kwa hiyo kikionyesha 37.8 na mgonjwa anajisikia vibaya, pigeni simu.

ILIVYOKWISHA KWETU

Tulimfikisha mama mdogo hospitali saa kumi alfajiri kwa bajaji. Muuguzi aliuliza homa imeanza saa ngapi, nikajibu saa kumi na mbili jioni. Akanitazama, akaandika, hakusema neno. Naikumbuka ile kalamu.

Waliona nyuma ya kiganja, pale ilipokuwa kanula ya dripu ya pili, kidonda kidogo kama punje ya mchele. Alikuwa anakikuna. Hakikuwa na usaha. Majibu ya damu yalipotoka siku zilizofuata, alikuwa yule wa dhahabu. Daktari alitueleza kwamba uwezekano mkubwa ametoka kwenye ngozi au pua ya mama mdogo mwenyewe. Kwa wiki sita tulikuwa tumetenga vikombe tukiwazuia watoto wasimkaribie, na bakteria alikuwa anaishi naye muda wote. Alilazwa siku kumi na sita. Alipona ile homa, akamaliza kemo, akaanza mionzi.

Bibi aliposikia alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza, "Sasa kile kikombe kilikuwa cha nini?"

MASWALI TUNAYOULIZWA SANA MASHULENI

Je, saratani inaambukiza kwa kutumia kikombe kimoja?

Hapana. Saratani haihami kutoka kwa mgonjwa kwenda kwako kwa kikombe, sahani, kitanda au kukumbatiana. Wakubwa wetu wengi walijifunza kutenga vikombe enzi za UKIMWI, na hata wakati ule haikuwa sahihi. Anayehitaji kulindwa ni mgonjwa. Vyombo vioshwe vizuri kwa maji na sabuni, basi. Taulo ndiyo kila mtu awe na yake, mzima na mgonjwa.

Nina jipu mkononi na mimi ndiye ninayempikia mama. Nifanyeje?

Umefanya vizuri kuuliza. Jipu limejaa yule wa dhahabu. Lifunike kwa bandeji safi, usilikamue, nenda kituo cha afya. Mpaka lipone mtu mwingine apike na ambadilishie mama nguo. Kaeni mpige soga, ila kwa siku hizo usimguse. Mwenye mafua, kikohozi au tetekuwanga naye akae mbali kwa muda.

Sabuni gani ni nzuri ya kunawa mikono?

Yoyote, hata ya kipande. Kinachohesabiwa ni maji yanayotiririka, kusugua katikati ya vidole na chini ya kucha kwa sekunde 20 hivi, na kukausha. Beseni moja ambalo wote wananawia linarudisha uchafu mikononi. Kama bomba hakuna, kibuyu chirizi kinafaa sana. Nawa kila unapoingia chumbani kwake, siyo unapotoka tu. Wengi tunanawa tukitoka.

Dada yangu anatumia kemo, anaona aibu kwenda sokoni na kipara. Kofia inaleta bakteria?

Hapana. Kofia au kitambaa kiwe cha pamba na kifuliwe mara kwa mara, kianikwe juani. Ngozi ya kichwa isiyo na nywele huungua jua kirahisi, kwa hiyo akivae. Sokoni aende asubuhi kabla watu hawajajaa, na zile siku za 7 hadi 14 mwendee wewe.

KAZI YA KLABU

Igizeni. Mmoja awe mgonjwa mwenye homa usiku, mwingine bibi, mwingine kijana wa nyumba, mwingine mwenye duka la dawa, na mwingine muuguzi wa zamu. Kijana amshawishi bibi kwamba safari ni sasa hivi, bila kumvunjia heshima. Badilishaneni nafasi kila baada ya dakika tano. Kisha kila aliye na mgonjwa nyumbani aandike kwenye karatasi: tarehe ya dripu ya mwisho, siku ya 7 ni lini na ya 14 ni lini, namba ya simu ya wodi au kliniki, jina la dereva wa bodaboda au bajaji anayekubali kuamshwa usiku, na nauli yake. Nauli hiyo itengwe leo, ifungwe pamoja na karatasi, ibandikwe nyuma ya mlango.